Hatua Kumi na Moja

Ile mpya, ya mjane wa Machame, nimeiona.
Nilitoa buku, nikakaa benchi la mbele
banda la Gaspa, kule Pasua, bati jipya, feni mbovu.
Mjane analia vizuri, sikatai.
Ila kanga yake ina mikunjo ya dukani,
minne, imenyooka kama mistari ya daftari,
na msiba una siku tatu!
Mimi fundi cherehani, nguo hainidanganyi.
Mtu aliyelala chini siku tatu
kanga yake inaijua sakafu.
Na jembe la shemeji, mpini bado una bei.
Basi. Picha safi, sauti safi,
uongo umepigwa pasi.

Vijana wakasema, shangazi, wewe ni wa filamu za zamani.
Hapo mmekosea.
Za zamani nazo nina kesi nazo.

Kuna moja, ya mlima.
Rangi zimechujuka kama kitenge kilichosahaulika juani.
Wajuzi wanaiita lulu.
Mzungu anapanda, anamuwaza mkewe, theluji inang'aa,
vinanda vinalia kama anazikwa askofu.
Dakika ya arobaini na mbili, upande wa kushoto,
wapagazi saba wanakatiza.
Wa tano ni baba yangu.
Hatua kumi na moja.
Nilizihesabu nikiwa mdogo, katika ukumbi wa mjini
ambao baadaye uligeuka ghala la mbolea, na sasa ni kanisa.
Mama aliuza mikungu miwili ya ndizi
amwone mumewe kwa sekunde sita.

Hatua ya nane anageuza uso, anasema jambo.
Chini ya picha, hakuna maandishi.
Mzungu akiguna, wanaandika.
Baba anatoa sentensi tatu nzima
na pale chini ni theluji tu.

Juzi Gaspa aliiweka, pamoja na mtafsiri wake,
kijana wa Bomambuzi anayejiita Ulimi Chuma,
kipaza sauti kimegusa meno,
anamwaga Kiswahili juu ya kila kinachotikisika.
Hatua ya nane akashusha sauti kichungaji:
"Ee Mlima Mtakatifu, tupokee wanao!"
Banda likanyamaza. Mzee mmoja akavua kofia.

Nikasimama mbele ya mwanga, kivuli changu kikamfunika mzungu.
Nikasema, simamisha.
Huyo ni Ndekirwa wa Kilema Pofo, na wala haombi.
Anasema, kwa Kichagga cha nyumbani kwetu
(mama alicheka ukumbi mzima ukageuka kumtazama):
"Mara ya tisa hii ananirudisha.
Ananiambia nielemewe,
na begi kajaza magazeti!"

Ulimi Chuma, nampa haki yake, akairudisha nyuma
akaitia upya, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa.
Watu wakacheka hadi benchi la nyuma likavunjika mguu.
Uhakiki wa kwanza niliousikia maishani ni huo,
na umo ndani ya filamu yenyewe,
miaka yote umepita mbele ya wajuzi
ukiwa umebeba begi.

Nikarudi kukaa. Sikucheka.
Kwa sababu lipo jambo sikuwaambia.
Usiku ule wa ukumbini, kabla mama hajacheka,
nilikuwa nimeshaanza kulia.
Shingo ya baba imeingia mabegani,
goti linatetemeka, mshipa umemtoka kwenye paji,
nami moyoni nasema, mshusheni, mtamuua.
Magazeti!
Nimelilia magazeti.
Na hata juzi, nikiwa najua,
ilipofika hatua ya sita koo lilinikaba vilevile.

Sasa mnaniuliza filamu nzuri ni ipi.
Nina sketi nne za shule za kumaliza, Mama Anzamen anazisubiri,
sindano imekatika, umeme unakuja na kuondoka.
Jumamosi nitarudi kwa yule mjane.
Nitajitahidi nitazame uso tu.
Lakini mikunjo ile, jamani.